Sura ya Sita: Nguzo Inayojinyoosha

Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika chuo kikuu cha ufundi cha Lausanne nchini Uswisi, jengo jipya la ghorofa nne lilikuwa likipanda juu ya nguzo 97 zilizozamishwa ardhini. Halikuwa jengo la ajabu: urefu mita 100, upana mita 30. Nguzo 96 ziliachiwa kazi yao ya siku zote, kubeba. Ya 97 ikapewa maisha mengine. Kabla zege halijamwagwa, mafundi walifunga mabomba ya plastiki kwenye nondo zake, wakapachika vipimo vya joto na vya mkazo toka kichwani hadi kitakoni, mita 25.8 chini. Kisha wakaanza kuipasha moto.

Waliipasha kwanza ikiwa haijabeba kitu. Joto lake lilipoongezeka kwa nyuzi 22 hivi, kichwa chake kilipanda kama milimita 4. Sakafu ya kwanza ilipokaa juu yake, wakaipasha tena. Ya pili ikafuata, wakarudia. Kila mara jengo lilipoongezeka uzito, nguzo ilipashwa, ikaachwa ipoe, na vipimo vikasomwa upya.

Swali la Profesa Lyesse Laloui na wenzake lingeweza kuulizwa na fundi yeyote wa ujenzi: nguzo iliyobeba nyumba, ukiipasha na kuipoza mwaka hadi mwaka, nyumba itabaki salama? Lilihitaji jibu haraka, kwa sababu huko Ulaya watu walikuwa tayari wameshaanza kujenga hivyo. Nchini Austria, tangu miaka ya 1980, misingi ya majengo ilikuwa ikitiwa mabomba ili ichote joto kutoka ardhini. Nyumba zilisimama bila tatizo. Ila hakuna aliyekuwa amepima kwa undani kwa nini zilisimama.

Maji ya kisima alfajiri

Kwanza tuelewe mtu anatafuta nini kwenye nguzo.

Anayeteka maji ya kisima Njombe alfajiri ya Julai, sakitu ikiwa imetanda juu ya majani, huyahisi maji yana uvuguvugu. Saa nane mchana, jua likiwaka, maji ya kisima kilekile huyaona baridi. Maji hayakubadilika. Kilichobadilika ni mkono unaoyagusa.

Ardhi ni nzito na haina haraka. Joto la mchana huzama sentimita chache tu kabla usiku haujalirudisha. Joto la msimu mzima huzama mita kadhaa, likififia kila linaposhuka, na ukifika kina cha mita 10 au 15 hakuna tena kiangazi wala kipupwe. Hapo joto la udongo hukaribia wastani wa joto la hewa la mwaka mzima. Katika sehemu kubwa ya Ulaya ya kati huwa kati ya nyuzi 10 na 15. Theluji ikianguka juu, chini ni 10. Lami ikilainika kwa jua, chini bado ni 10 na kidogo.

Msomaji wa Kenya au Tanzania akisikia neno jotoardhi huwaza Olkaria: visima virefu, mvuke unaonguruma, mitambo ya umeme. Hilo ni joto la volkano, kali na la mahali pachache. Ninalozungumzia hapa ni ndugu yake mpole, aliyeko chini ya kila kiwanja, asiyeweza hata kuchemsha chai. Nyuzi 10 hazipashi chumba.

Kinachozifanya zifae ni pampu ya joto. Gusa mgongo wa friji yako: ni wa moto. Moto huo umetoka ndani ya friji, kwenye maziwa na nyama, mahali penye baridi. Friji haitengenezi baridi, inahamisha joto kutoka ndani kwenda nje. Pampu ya joto hufanya vivyo hivyo, ila ndani ya friji yake ni udongo na mgongo wake ni sakafu ya nyumba. Kwa kizio kimoja cha umeme, pampu nzuri inaweza kuleta vizio vinne vya joto, kwa sharti moja: pengo kati ya joto inalolichota na joto inalolitoa liwe dogo. Kuchota kwenye udongo wa nyuzi 10 ni nafuu sana kuliko kuchota kwenye hewa iliyo chini ya sifuri.

Tatizo ni gharama ya kuufikia udongo huo. Kuchimba visima kwa ajili ya mabomba pekee ni ghali. Lakini jengo linalosimama juu ya udongo dhaifu lazima lichimbiwe mashimo, yawe na mabomba au yasiwe nayo, na lazima yajazwe nondo na zege. Shimo limeshalipiwa. Kinachoongezeka ni bomba la plastiki lenye unene wa kidole, linaloshuka hadi chini, linapinda na kupanda tena, na maji yanayozunguka ndani yake. Mafundi wa misingi huziita nguzo hizo paili. Hizi zenye mabomba tuziite nguzo za nishati.

Mtu kitandani

Sasa turudi kwenye hofu ya Lausanne.

Zege hutanuka likipata joto, tena kwa kiasi kinachojulikana: mita moja ikiongezewa nyuzi moja hurefuka kama mikroni 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita. Nguzo ya mita 25 ikipanda nyuzi 20 ingerefuka milimita 5 kama ingekuwa imelazwa uwanjani bila kizuizi. Lakini haikulazwa uwanjani. Imeshikwa.

Muwaze mtu anayejinyoosha kitandani baada ya usingizi. Kichwa kinakwenda upande huu, miguu upande ule, na mahali fulani kiunoni hapasogei kabisa. Nguzo ni hivyo. Ikipata joto, sehemu ya juu hupanda, sehemu ya chini hushuka, na katikati kuna mahali pametulia. Sasa mfunike mtu huyo blanketi zito lililombana pande zote: huo ndio msuguano wa udongo kwenye ubavu wa nguzo. Kichwani mwekee ubao wa kitanda: hilo ndilo jengo. Miguuni mwekee ukuta: huo ndio mwamba au udongo mgumu uliobeba kitako. Mtu atajinyoosha kidogo tu. Kunyooka kulikozuiwa hakupotei, hugeuka kuwa mgandamizo mwilini mwake. Kadiri vizuizi vilivyo vigumu, ndivyo anavyosogea kidogo na kubanwa zaidi.

Mahali pale palipotulia hapako palepale siku zote. Kitako kikikaa kwenye mwamba, utulivu hushuka karibu na miguu na nguzo husukuma juu. Jengo likiwa zito na gumu, utulivu hupanda. Ndiyo maana Lausanne walipasha moto upya kila sakafu ilipoongezeka: walikuwa wanamtazama mtu yuleyule akijinyoosha huku ubao wa kichwani ukizidi kukazwa.

Vipimo vilisema nini? Jengo lilipokamilika, nguzo ile ilikuwa imebeba mzigo wa takriban tani 130. Na kila nyuzi moja ya joto iliongeza ndani yake nguvu ya karibu tani 10. Kwa hesabu hiyo, nyuzi 13 tu, tofauti kati ya kipupwe na kiangazi cha kawaida cha mfumo kama huu, zingeongeza mzigo unaolingana na ule wote wa jengo uliokuwa juu yake.

Hapo mhandisi anayesoma kwa mara ya kwanza huweka kalamu chini. Lakini tuendelee na hesabu. Nguzo ilikuwa na kipenyo cha sentimita 88, yaani eneo la mita za mraba 0.6. Tani 260 zikigawanywa kwa eneo hilo huleta mgandamizo wa megapaskali 4 na kidogo. Zege la kawaida la nguzo huhimili 30 au zaidi. Nguvu imeongezeka maradufu, na bado zege halijafika hata sehemu moja ya tano ya uwezo wake.

La muhimu zaidi ni kwamba mzigo wa joto si mzigo kama wa jengo. Uzito wa jengo haukomi. Udongo ukilegea, uzito unaendelea kusukuma hadi nguzo izame. Nguvu ya joto imezaliwa na kizuizi, nacho kikilegea inakufa. Udongo ukiteleza milimita mbili, nguzo imeshajinyoosha hizo milimita mbili, na mkazo umetoka. Kwa hiyo hatari ya kweli ni milimita: jengo kupanda na kushuka kidogo kila mwaka, au upande mmoja kupanda kuliko mwingine, mpaka plasta ikapasuka na mlango ukagoma kufunga. Kuporomoka ni habari nyingine.

Kujikunyata

Kupoa ni kinyume chake, na kuna mtego wake.

Mtu aliyepigwa na baridi hujikunyata. Nguzo nayo husinyaa kutoka ncha zote mbili kuelekea katikati. Juu, jengo huifuata chini. Chini, kitako hutaka kupanda, lakini udongo umekishika ubavuni na haukiachii. Sehemu hiyo ya chini haijabeba uzito mwingi wa jengo, maana msuguano umeshaupokea njiani. Kwa hiyo hakuna mgandamizo wa kutosha kuilinda, na zege linajikuta linavutwa. Zege hustahimili kugandamizwa kama jabali, lakini likivutwa hupasuka mapema.

Mwaka 2007, kusini mwa London, nguzo ya majaribio yenye urefu wa mita 23 na kipenyo cha sentimita 60 ilizamishwa kwenye udongo wa mfinyanzi mgumu wa mji huo. Ilibebeshwa tani 120, ikapozwa kwa wiki kadhaa kwa maji yenye dawa ya kuzuia kuganda yaliyoshuka chini ya sifuri, kisha ikapashwa moto. Wakati wa kupozwa, sehemu ya chini ilionyesha dalili za kuvutwa. Ilipopashwa, hali ikageuka, na kwa jumla nguzo ilirudi karibu na pale ilipokuwa. Miondoko yote ilihesabiwa kwa milimita.

Somo la muundo ni la wazi. Nguzo za kawaida mara nyingi hupewa nondo nyingi juu na chache au hata sifuri chini. Nguzo ya nishati yahitaji nondo hadi kitakoni, kwa sababu mbili: kuzuia mpasuko, na kuyapa mabomba kitu cha kushikilia.

Udongo nao una tabia yake. Mfinyanzi uliowahi kulaliwa na uzito mkubwa zamani, kama ule wa London, ukipashwa hutanuka na ukipozwa hurudi. Mfinyanzi laini ambao haujawahi kubanwa hufanya kinyume cha matarajio: ukipashwa husinyaa. Maji yaliyo kati ya chembe hutanuka kuliko chembe zenyewe, shinikizo hupanda, maji hutafuta njia ya kutoka, na chembe hukaa karibu zaidi. Zikishakaa, hazinyanyuki tena. Kwenye udongo wa namna hiyo, mhandisi makini huhesabu mzunguko wa kila mwaka, si mzigo wa siku moja.

Hotipoti na blanketi moja

Nguzo moja ina faida gani? Katika udongo mzuri hutoa wati 40 hadi 60 kwa kila mita. Nguzo ya mita 25 basi ina nguvu kama ya pasi moja ya umeme. Ni haba, lakini jengo kubwa lina mamia ya nguzo, na haba na haba hujaza kibaba.

Udongo mzuri ni upi? Ni ule wenye maji. Mchanga mkavu hupitisha joto vibaya kwa sababu umejaa hewa, na hewa iliyotulia ndiyo siri ya hotipoti: wali hukaa moto kwa sababu joto halina pa kupita. Mchanga uleule ukilowa, upitishaji wake huweza kupanda mara tano au zaidi. Kabla ya kuchora chochote, mhandisi anataka kujua maji ya ardhini yako kina gani na kama yanatembea.

Kisha kuna suala la majirani. Anayepanga nguzo kwa ajili ya uzito huzibananisha, mita mbili au tatu kati ya moja na nyingine. Anayezipanga kwa ajili ya joto angependa umbali wa maradufu, kwa sababu kila nguzo huchota kwenye udongo unaoizunguka, na zikikaribiana zinagombea joto lilelile, kama watoto wanne chini ya blanketi moja. Uzito ndio unaoshinda ubishi huo siku zote, maana nyumba kwanza. Kinachobaki ni kuchagua nguzo zipi zitiwe mabomba na zipi ziachwe.

Halafu kuna mikono ya watu. Zege bichi kwenye kina cha mita 25 husukuma kwa shinikizo karibu mara tatu ya upepo wa tairi la gari dogo, na bomba tupu lingebonyea. Ndiyo maana mabomba hujazwa maji, yakatiwa shinikizo na kuwekewa geji kabla zege halijamwagwa. Mshale wa geji ukishuka ghafla, kila mtu anajua kuna bomba limetoboka wakati shimo bado liko wazi. Hatari nyingine huja siku nyingi baadaye. Zege la juu kabisa la nguzo huwa limechanganyika na tope, hivyo kichwa huvunjwa ili nondo zipate kuungwa na jengo. Anayevunja kwa nyundo ya umeme ni fundi mwingine kabisa, na mabomba yanachungulia palepale anapopiga. Huvalishwa sponji nene ili yanusurike. Bomba lililokatwa ndani ya zege halina matengenezo. Linafungwa valvu yake, na nguzo ile inabaki kubeba tu maisha yake yote.

Deni la kipupwe

Yote hayo ni ufundi, na ufundi una majibu. Kiini cha muundo kiko kwenye swali jingine, na mahali pazuri pa kulionea ni uwanja wa ndege wa Zürich. Pengine msomaji umewahi kuketi hapo ukisubiri ndege, katika jengo refu la milango ya E, lililosimama peke yake katikati ya njia za kurukia, ambako ndege za mabara mengine hupakia abiria. Lilifunguliwa mwaka 2003. Chini ya viti vyako kulikuwa na udongo laini ulioachwa na ziwa la kale, usioweza kubeba jengo la urefu wa mita 500. Nguzo takriban 440 zilishushwa kama mita 30 hadi tabaka gumu lililoachwa na barafu ya kale. Karibu 300 kati yake zilitiwa mabomba.

Wakati wa baridi, pampu ya joto huchota kwenye nguzo hizo na kupasha jengo. Udongo hupoa polepole, mwezi hadi mwezi. Ukifika msimu wa joto, maji yaleyale huzungushwa kupitia jengo bila pampu ya joto kuwashwa: baridi iliyohifadhiwa chini hupoza vyumba, na joto la abiria, taa na madirisha linashuka kurudi ardhini. Msimu wa baridi unaofuata hukuta ghala limejaa tena. Vipimo vilivyochukuliwa kwa miaka miwili, kuanzia 2004, vilionyesha kwamba kila kizio cha umeme kilichotumiwa na mfumo kilileta takriban vizio vitano vya joto na baridi.

Hakuna maajabu hapo, kuna hesabu ya deni. Unachokopa kipupwe, urudishe kiangazi. Ukikopa zaidi ya unavyorudisha, udongo hupoa mwaka baada ya mwaka, pampu hufanya kazi ngumu zaidi, umeme hupanda, na mwisho wa njia hiyo kuna barafu. Maji kwenye udongo yakiganda hutanuka na kuusukuma udongo. Yakiyeyuka huuacha umelegea, na udongo uliolegea kando ya nguzo umeacha kubeba. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya Zürich ilikuwa kwamba maji yanayozunguka kwenye nguzo yasishuke chini ya sifuri, hata kama wasafiri wataka joto zaidi. Joto likipungua, chanzo kingine kijazie. Msingi hauwekwi rehani.

Maji ya ardhini yanayotembea hubadilisha hesabu. Huja na joto jipya, kwa hiyo anayekopa tu husamehewa sehemu ya deni. Lakini huondoka na akiba ya yule aliyetaka kuweka. Wahenga walisema akiba haiozi. Hii huozwa na mkondo.

Kwetu je?

Kwa mizani hiyo, msomaji wa Dar es Salaam anaweza kulijibu swali lake mwenyewe. Nguzo tunazo, ghorofa nyingi ndefu za pwani yenye udongo wa mchanga huzihitaji. Wastani wa joto la hewa la mwaka ni kama nyuzi 26, na udongo wa kina hukaribia hapo. Kiyoyozi kinachotupa joto kwenye hewa ya nyuzi 32 saa nane mchana kingepumua vizuri zaidi kikilitupa kwenye udongo huo. Faida ipo, ila ni ndogo kuliko ya Zürich, na ina kasoro kubwa: tungeweka joto miezi 12 na hatuna kipupwe cha kulitoa. Udongo ungepanda nyuzi baada ya nyuzi, mpaka nguzo zikawa za moto kuliko hewa ya juu.

Ila mahali ambapo mtu anahitaji joto na baridi kwa pamoja, mizani inaweza kusimama. Hoteli yenye viyoyozi mchana kutwa na mamia ya wageni wanaooga maji moto asubuhi ina mkopaji na mlipaji chini ya paa moja. Hospitali yenye dobi la mashuka vilevile. Pale ambapo maji ya ardhini yanatembea, mlango unafunguka kidogo zaidi. Penginepo, ni afadhali nguzo iachwe ibebe.

Uswisi iliweka mwongozo wake wa nguzo hizi mwaka 2005, Uingereza ikafuata mwaka 2012. Ukiisoma miongozo hiyo, utakuta kurasa za nondo, za mabomba na za shinikizo. Lakini namba inayotawala uhai wa mfumo husomwa kwenye kipimajoto kidogo, kwenye bomba linalorudi kutoka ardhini, mwishoni mwa majira ya baridi. Ikiwa namba hiyo ni ileile ya mwaka jana, na ya mwaka juzi, deni limelipwa. Na jengo lililoko juu litakuwa limepanda na kushuka milimita chache bila msafiri yeyote kumwaga kahawa yake.